Mganda wa Sayari Nyekundu

Fundi Osmund wa mtaa wa Bombambili, Songea, hakuweza kuona kola iliyokaa upande akaiacha. Angemsimamisha mtu barabarani, hata asiyemjua, akamnyoosha shingoni, kisha akamruhusu aende zake. Watu walimtania kwamba siku akifa atafufuka kwanza aikague sanda, ndipo akubali kuzikwa. Kazi yenyewe ya kushona ilikuwa imemkimbia tangu mitumba ilipofunguliwa mlango. Alikaa barazani na cherehani yake akipunguza suruali za watu wa Ulaya ziwatoshe watu wa Songea, na kila alipokata kiuno cha mtu asiyemfahamu alisonya. Lakini cherehani haikuwa heshima yake. Heshima yake ni kwamba alikuwa kepteni wa mganda.

Asiyewahi kuuona mganda tusimlaumu, tumweleze. Wanaume wanasimama safu kwa safu, kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi ndefu hadi magotini, usinga mkononi. Ngoma kubwa inapigwa, vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui vinapulizwa na kutoa sauti ya nyuki waliokasirika, na kepteni anaongoza kwa filimbi. Ukisema ni jeshi hujakosea sana. Babu zetu waliitazama kwata ya askari wa Mjerumani, wakaitazama ya Mwingereza, wakachukua vyeo, soksi na filimbi, wakawaachia wenyewe bunduki zao. Kilichokuwa cha kuua watu wakakifanya cha kuchezea harusi na matanga. Nani mwingine aliweza hilo? Mimi simjui.

Kundi lilikuwa na sheria, na sheria zilikuwa kwenye daftari lenye jalada gumu lililotunzwa na karani Polikarp, mzee mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwanachama akifa, kundi humchezea siku ya kuanua matanga. Aliyetolewa mbele ya watu hachezewi, mpaka arudi acheze mbele ya watu. Kulikuwa na nyingine pia, za kuchelewa, za ulevi, za soksi chafu, na moja inayomhusu kepteni mwenyewe, ambayo tutaifikia. Nyingi alizitunga Osmund.

Mwezi wa tano mwaka 2001, binti yake Jovina alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa kazini. Alikuwa akipiga chapa katika duka la steshenari mjini, duka lenye kompyuta mbili, na barua za familia zilipitia sanduku la posta la duka hilo. Alisimama mbele ya cherehani, bahasha mkononi. Osmund alimtazama kola kwanza, kwa mazoea. Kisha akamtazama uso.

"Christopher," alisema Jovina. "Baba, kaka amefariki."

Aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, huko Ujerumani alikokuwa akifanya kazi ya kuchora. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Barua ilikaa njiani majuma matatu, na ilipofika wenzake walikwisha kumzika. Kwa hiyo Bombambili ukawekwa msiba usio na jeneza wala kaburi. Mama yake, Kunegunda, alikaa kwenye mkeka sebuleni, khanga kichwani, mbele yake picha ya pasipoti iliyowekwa ndani ya fremu kubwa kupita kiasi. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali rozari. Walipomaliza hawakujua wafanye nini na mikono yao, kwa sababu msiba wenye maiti una kazi nyingi, na msiba usio na maiti una kulia tu.

Siku ya tano Kunegunda alimwita mumewe.

"Baba Christopher."

Hivyo ndivyo alivyomwita tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa. Kwa miaka thelathini na minne jina Osmund halikupita kinywani mwake.

"Naam, Mama Christopher."

"Kuanua matanga ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka mwanangu achezewe mganda."

Osmund alitazama chini. "Unaijua sheria."

"Naijua. Mtu wangu sina hata wa kumwagia udongo. Sikumwosha, sikumvika, sikumwona. Kilichobaki ni hiyo ngoma tu. Msipomchezea, sianui tanga. Nitakaa kwenye mkeka huu mpaka na mimi mnibebe."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walijifanya hawasikii. Osmund alitoka nje. Alikwenda moja kwa moja kwa Polikarp, akamkuta akimenya maboga, akamwambia aliyoyasema mkewe. Polikarp alifuta mikono, akalileta daftari, ingawa wote wawili walijua kilichoandikwa humo.

"Kepteni," alisema Polikarp kwa upole, "tuliwakatalia watu wa marehemu Amedeus, naye alitolewa hakurudi. Mjane wake alikuja hapa akapiga magoti. Aliyekataa ni wewe. Ulisema, asiyekuwepo na lake halipo."

"Nilisema."

"Basi leo tuwaambie nini?"

Osmund akalifunga daftari. Akarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Sasa tuseme kilichotokea Lusewa, maana bila hicho hakuna habari hapa.

Ilikuwa Agosti 1986, baada ya mavuno ya tumbaku. Kundi la Bombambili lilikwenda Lusewa kushindana na wenyeji, limepakiwa kwenye lori pamoja na ngoma na sufuria za wali. Osmund alikuwa ameshona sare mpya za watu ishirini na wanne. Ulikuwa mwaka wa dhiki, vifungo vinavyolingana havikupatikana, kwa hiyo kila kaptula ilikuwa na mfuko wa nyuma wenye kifuniko cha mshazari na vifungo viwili, cha kushoto kikubwa, cha kulia kidogo. Aibu hiyo aliigeuza mtindo. Christopher, mwenye miaka kumi na tisa, alichezeshwa safu ya mbele kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa amemfunza tangu utotoni kwa maneno matano: jicho mbele, sikio kwenye filimbi. Hata ukijua wimbo, usiufuate wimbo. Fuata filimbi.

Katikati ya mchezo gari la mgeni rasmi likafika uwanjani. Osmund akageuza macho kulitazama, sekunde moja tu, akataka mgeni auone mgeuko wao wa pamoja, ule wa pigo la nane, na akapuliza filimbi kabla ya wakati wake. Pigo moja la ngoma kabla. Wachezaji wakongwe, waliokuwa wakiufuata wimbo kwa mazoea, hawakugeuka. Aligeuka mmoja. Christopher aligeuka kwa unadhifu kabisa, kisigino kwenye kisigino, akajikuta amewapa mgongo wageni na kutazamana uso kwa uso na wenzake, peke yake, usinga juu. Lusewa nzima ikacheka. Hata mgeni rasmi alicheka, mkono kwenye tumbo.

Osmund angeweza kusema. Sheria ya kepteni ilikuwa wazi: kepteni akikosea filimbi akakiri, atalipa jogoo, akificha, atatoka. Jogoo mmoja. Lakini kicheko kilikuwa kimemjaa masikioni, na wazee wa Lusewa walikuwa wakimtazama, na yeye ndiye mtu wa kunyoosha kola za watu. Alimwendea mwanawe, akamvua mshipi mwekundu, akamvua kofia, akamwambia mbele ya umati, "Toka." Kijana akamtazama. Hakusema filimbi imewahi. Alijua, na baba alijua kwamba anajua, kisha kijana akatoka uwanjani akapanda lori lililokuwa tupu, akakaa humo hadi jioni.

Jioni hiyo Polikarp aliandika alichoambiwa: Christopher ametolewa kwa kugeuka kabla ya filimbi.

Mwaka uliofuata kijana akaondoka. Dar es Salaam, kisha kwa msaada wa padre mmoja aliyependa michoro yake, Ujerumani. Alimwandikia mama yake na dada yake, na kila barua iliishia na "nisalimie baba". Osmund akisomewa alijibu, "Mwambieni nimezipata." Miaka kumi na minne ya salamu zilizopatikana. Siku nyingine alikaa na karatasi, akaandika "Mwanangu Christopher", akakaza macho kwenye maneno hayo hadi wino ukakauka, kisha akaitumia karatasi ile kukatia kigezo cha kola. Alikuwa na kiburi, ndiyo, lakini kilichomshika mkono si kiburi peke yake. Ni kwamba kosa dogo likikaa sana ndani ya mtu huota mizizi, na kuling'oa baadaye ni kung'oa na nyama.

Siku tatu baada ya mazungumzo ya mkekani, kifurushi kikafika dukani kwa Jovina. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi ya Christopher, sweta, barua, na sahani moja ya kompyuta, CD, ndani ya kasha la plastiki. Jovina akaomba ufunguo kwa mwenye duka, na Jumapili baada ya misa ya kwanza akampeleka baba yake mjini. Mama hakutaka kuondoka mkekani.

Duka lilikuwa limefungwa, mwanga unaingia kupitia madirisha ya juu. Osmund alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini. Jovina akaisoma barua, akiitafsiri polepole kutoka Kiingereza. Aliyeiandika alikuwa mwenzake wa kazi, mama mmoja Mjerumani aitwaye Anke.

Anke alieleza kwamba walikuwa watu saba wakitengeneza gemu ya kompyuta, mchezo wa vita vya nyota, wenye mataifa matatu yanayogombea anga. Mataifa yenyewe hayapo popote, aliandika, lakini mtu habuni kutoka hewani. Kila mmoja alichukua kutoka kwao. Yeye mwenyewe alipewa watu wa sayari ya barafu, akawapa taa na nyimbo za wachimbaji wa makaa wa kijiji cha babu yake. Mwenzao mwingine aliwajenga watu wa chuma kwa kuwatazama Warumi wa kale. Christopher alipewa watu wa sayari nyekundu.

"'Mkubwa wetu alitaka wawe na mikuki na manyoya,'" alisoma Jovina, "'kwa sababu Christopher ni Mwafrika. Christopher alikataa. Siku mbili hakuja kazini. Siku ya tatu alikuja na mchoro wa watu wenye kaptula nyeupe na soksi ndefu. Mkubwa akacheka sana. Christopher akamwambia, nyinyi mlikuja kwetu na kwata, sisi tukaichukua tukaifundisha kucheza. Hao ndio watu wangu. Ukiwataka wachukue, usipowataka tafuta mchoraji mwingine.'"

Osmund akainama kuelekea barua. "Alisema hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

Jovina akaiingiza sahani. Kompyuta ikaguguna kwa muda mrefu, kisha kioo kikajaa anga jeusi lenye nyota, na nyota moja ikasogea hadi ikawa nchi. Ardhi yake ilikuwa nyekundu, nyekundu ile ile inayoshika soksi nyeupe Bombambili na kukataa kutoka hata kwa sabuni ya mche. Safu za watu wadogo wakaja kutoka upande wa kushoto. Kaptula, soksi, usinga. Vibuyu midomoni. Jovina akabonyeza kitufe akawasogeza karibu, na mmoja akageuka kidogo, na Osmund akaona mfuko wa nyuma.

Kifuniko cha mshazari. Kifungo cha kushoto kikubwa, cha kulia kidogo.

Aliinuka kitini, akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Akagusa kifungo kile kwa kidole cha shahada, kidole chenye sugu ya sindano. Hakuna mtu duniani aliyejua mfuko ule isipokuwa watu ishirini na wanne na fundi wao. Mwanawe alikuwa ameukumbuka kwa miaka yote, akauchora mmoja mmoja kwa jeshi zima. Osmund akakaa tena.

"Mawe," alisema kwa sauti ndogo, kama wazee wa kwao wanavyomwita mama. "Mtoto huyu."

Kisha watu wa chuma wakatokea mbele, warefu, na mianga ikatoka mikononi mwao. Ngoma ya watu wekundu ikaanza. Ilikuwa ngoma ya kweli. Osmund aliitambua kwa tumbo kabla ya masikio. Kepteni wao alikuwa mbele, mfupi, mabega mapana, kola imenyooka. Osmund akaanza kuhesabu mapigo bila kukusudia. Moja, mbili, tatu, na kwenye la saba, si la nane, filimbi ikalia.

Pigo moja kabla.

Jeshi zima likageuka. Kisigino kwenye kisigino, wote, hadi wa safu ya mwisho, wakawapa mgongo maadui, na hakuna aliyegeuka peke yake. Mianga ya watu wa chuma ikafika migongoni mwao ikazimika.

Jovina akarudi kwenye barua, kwa sababu sehemu hiyo alikuwa bado hajaisoma kwa sauti. "'Hiyo ndiyo nguvu ya taifa lake. Wakigeuka wote pamoja, hakuna silaha inayowapata. Tulimwuliza, askari gani anampa adui mgongo? Akasema, askari anayetii filimbi. Akasema, kwetu filimbi ililia siku moja nikageuka peke yangu. Hapa nataka wageuke wote. Na filimbi yenyewe ilikuwa inawahi. Mimi nilidhani ni kosa, nikairekebisha mara mbili. Mara zote mbili aliirudisha. Alisema, iache, hiyo ni filimbi ya baba. Alikuwa anapanga kuja kwenu Noeli, awaonyeshe.'"

Kompyuta iliendelea kupiga ngoma peke yake. Jovina akaikunja barua. Mwaka ule wa Lusewa alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili, hakupanda lori. Alichojua ni kile walichojua wote, kwamba kaka alikosea akatolewa.

"Baba," alisema. "Filimbi iliwahi?"

Osmund aligeuza kofia yake magotini, upande huu, upande ule.

"Mimi sitasema kwa mama," alisema Jovina, na sauti yake haikuwa ya mtoto kwa mzazi. "Utasema wewe."

Habari ya gemu ilienea Bombambili kabla ya Jumatatu kwisha. Wanachama wakaja dukani watatu watatu, wakasimama nyuma ya kiti cha Jovina wakitazama kioo, wazee wazima wakilia, mikono mdomoni. Daimu, mpiga ngoma kubwa, Myao aliyetoka Nakapanya akaoa Songea, aliisikia ngoma ile akasema, "Huo ni mkono wangu. Wallahi, kijana ameuchukua mkono wangu." Hakuna aliyesema kuhusu filimbi. Ama hawakuihesabu, ama waliihesabu wakanyamaza.

Jumatano Polikarp akaja barazani kwa Osmund, uso umemng'aa.

"Kepteni, nimepata njia. Sheria inasema arudi acheze mbele ya watu. Amecheza, na watu tumemwona. Nani atabisha? Nitaandika: amerudi, amecheza, amesamehewa kosa lake. Jumamosi tunamchezea, na watu wa Amedeus hawana neno."

Njia ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba Osmund alihisi mwili wake wote unapumzika, kwa mara ya kwanza tangu bahasha. Mkewe angepata ngoma yake. Kundi lingebaki na sheria yake. Naye angebaki na filimbi yake, na siku yake ikifika angechezewa kama walivyochezewa makepteni wote kabla yake, hadi baba yake mzazi. Kosa lingesamehewa, na marehemu hana mdomo.

"Andika," alisema.

Tusimcheke. Wangapi kati yetu wasingesema hivyo?

Jumamosi uwanja ulijaa. Masufuria ya ugali na maharage yalikuwa motoni nyuma ya nyumba, wanawake jikoni wanakuna nazi zilizoletwa na jamaa wa Daimu, padre amekwisha kusali na kuondoka. Kunegunda alitolewa mkekani akakalishwa kwenye kiti, picha ya mwanawe mapajani. Wachezaji walisimama kwenye safu, sare zimepigwa pasi, na safu ya mbele ilikuwa na nafasi moja tupu, iliyoachwa kwa marehemu. Osmund alisimama mbele yao, mshipi mwekundu kifuani, filimbi shingoni. Usiku mzima alikuwa ameupiga pasi mshipi ule mara tatu.

Polikarp akafungua daftari, akarekebisha uzi wa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani.

"Christopher, mtoto wa kepteni wetu. Alitolewa tarehe kumi na sita Agosti mwaka themanini na sita, Lusewa, kwa kugeuka kabla ya filimbi. Leo amerudi, amecheza mbele ya watu, na kundi linamsamehe kosa lake..."

"Hakuwa na kosa."

Polikarp akainua uso. Watu wakatafuta aliyesema.

"Hakuwa na kosa," alirudia Osmund, na sasa alisikika hadi jikoni. "Hakugeuka kabla ya filimbi. Aligeuka kwenye filimbi. Filimbi ndiyo iliyowahi, na filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa natazama gari la mgeni. Yeye peke yake alinitii, na mimi nikamtoa. Nikawaachia watu wamcheke. Siku ile nilijua. Kesho yake nilijua. Alipopanda basi kwenda Dar nilijua, na nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye cherehani, sikuinuka."

Mtoto mmoja alilia huko nyuma akanyamazishwa.

"Kepteni," alisema Polikarp, "si lazima..."

"Soma sheria ya kepteni."

"Osmund, rafiki yangu."

"Soma, karani. Mimi ndiye niliyeitunga."

Polikarp alifunua kurasa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasoma. Kepteni akikosea filimbi akakiri, atalipa jogoo. Akificha, atatoka.

Osmund akauvua mshipi. Alianza kuukunja vizuri, pembe kwa pembe, kisha akaacha. Akampa Polikarp ukiwa hivyo hivyo umejikunja ovyo. Akavua kofia. Akavua filimbi. "Futa hayo maneno," alisema. "Andika kwamba aligeuka kwa filimbi. Na watu wa Amedeus waiteni, huenda na wao wana la kusema." Kisha akajiambia mwenyewe neno lile alilomwambia mwanawe, akatoka kwenye uwanja, akapita katikati ya watu waliompisha bila kumgusa, akaenda kusimama kando ya jiko, karibu na masufuria, mahali ambapo wanaume hawasimami.

Polikarp akaishika filimbi. Alikuwa karani maisha yake yote, hakuwahi kuongoza. Akamtazama Daimu, Daimu akainua rungu lake, ngoma ikaanza, vibuyu vikaitikia, na safu zikasogea kwenye ule udongo mwekundu, vumbi likipanda hadi kwenye soksi. Walicheza vizuri siku ile. Wanaosema walicheza vizuri kuliko siku zote wanasema kwa sababu walikuwa wakilia. Mtu akilia huona kila kitu kimenyooka. Osmund alihesabu. Hakuweza kujizuia. Moja, mbili, tatu. Kwenye la saba Polikarp akapuliza.

Wote wakageuka. Daimu mwenyewe aligeuka na ngoma yake shingoni. Waliwapa mgongo wageni, wazee wa jumuiya, mwenyekiti wa mtaa, umati wote, na ile nafasi tupu ya safu ya mbele ikawa imegeuka pamoja nao.

Huko jikoni, Osmund naye aligeuka. Miguu ilifanya yenyewe, kisigino kwenye kisigino, miaka yake yote hamsini na saba ikiwa ndani ya ule mgeuko. Alikuwa peke yake, hana safu, hana usinga, na hakuna aliyemcheka.

Alipogeuka akakutana na mkewe. Kunegunda alikuwa ameondoka kwenye kiti chake, amezunguka nyuma ya nyumba, picha ameikumbatia. Walisimama uso kwa uso, moshi wa kuni kati yao. Osmund alimngoja apige kelele. Angetamani apige kelele.

"Jogoo," alisema Kunegunda. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Ungelipa jogoo mmoja, mwanangu angekaa nyumbani."

Osmund alinyoosha mkono kuelekea ile picha.

"Tulikuwa nao saba mwaka ule," alisema Kunegunda. "Nilikuwa nawafuga mimi." Akaivuta khanga yake mabegani, kisha akamwita kwa jina ambalo hakuwahi kumwita maishani.

"Baba Jovina. Sogea huko, nipite."

Uwanjani filimbi ililia tena, kwa wakati wake, na safu zikageuka kuwatazama watu.

"Naam," aliitika Osmund, akasogea.